Midomo ya Benitha na Jina la Bibi Stephania

Jambo hili, ndugu zangu, halikutokea ng'ambo wala hatukulisikia redioni. Limetokea hapa hapa Omurushaka, kati ya nyumba mbili zilizotenganishwa na mstari wa miramura, ile mimea yetu ya mpakani. Tulieni mlipate lote kama lilivyokuwa, kisha kila mtu akajipime nyumbani kwake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Rweyemamu na mkewe Avelina, Walutheri kutoka Muleba waliokuja Karagwe kununua maharage wakaishia kununua kiwanja. Rweyemamu alizunguka na lori kutafuta mzigo, Avelina akakaa dukani karibu na stendi. Nyumba ya pili ilikuwa ya bibi Stephania, Mnyambo wa hapo hapo, mjane Mkatoliki mwenye kibanja cha migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa, na mkono uliosifika. Hapakuwa na harusi, kipaimara wala msiba ambao Stephania hakuitwa kusimamia jikoni. Sufuria aliyoiinjika yeye haikubaki hata na ukoko. Hakuwa na cheo wala fedha. Alichokuwa nacho ni kwamba watu walikula alichopika bila kuuliza, na kwa mwanamke wa umri wake hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote.

Jioni duka likishafungwa, Avelina alipita kwenye upenyo wa miramura, akavua viatu, akakaa mkekani kwa jirani yake na kupewa juisi ya ndizi. Walisengenya kidogo, kama wasengenyavyo watu wazima wenye miguu inayouma, wakacheka, wakaagana. Benitha, binti pekee wa Avelina, alikulia kwenye mkeka huo. Mama yake akiwa dukani, aliyemwogesha na kumlisha alikuwa Stephania. Miaka ilikwenda hivyo na hakuna aliyemkwaza mwenzake.

Benitha akasoma, akamaliza chuo cha ualimu, akapata mchumba. Mchumba mwenyewe aliitwa Winston, afisa kilimo kule Kyerwa, kijana mpole aliyelelewa Mwanza na shangazi yake Renatha baada ya wazazi kufariki. Mahari ilikuwa inazungumzwa. Hapo ndipo Avelina alipoanza kuyatazama meno ya mwanawe kwa jicho lingine. Meno ya mbele ya Benitha yalikuwa yametokeza, na tangu utoto alizoea kucheka na kiganja mdomoni.

"Atapigaje picha za harusi na mkono usoni?" Avelina alimuuliza mumewe.

"Meno yake yanatafuna," akajibu Rweyemamu. "Mnataka yafanye nini tena?"

Lakini mnajua wenyewe, mama akiamua, baba hubaki kutafuta nauli. Renatha aliposikia habari ile alifurahi, akasema Mwanza kuna daktari wa kupanga meno na kwake kuna vyumba. Avelina na Benitha wakapanda basi, wakapokewa vizuri, na kesho yake shangazi mwenyewe akawasindikiza hadi kliniki, akaingia nao chumbani, akakaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake magotini.

Sasa kuna jambo Avelina alikuwa akilijua, na ninyi pia mnapaswa kulijua kabla hatujaendelea. Benitha alikuwa na mzio wa chuma. Wengine huita aleji. Alipotogwa masikio akiwa mdogo, kila hereni ya dukani iliyomgusa ilimtoa majimaji. Saa ya mkononi aliyopewa zawadi shuleni ilimwachia duara jekundu linalowasha. Kifungo cha suruali ya jinzi kilimchubua karibu na kitovu. Avelina aliyaona yote hayo, akayapaka samli, akayanyamazia.

Aliyanyamazia kwa sababu. Mama yake mdogo, huko Muleba, aliwahi kutokwa na mabaka mikononi wakati posa yake imeshaletwa. Upande wa mume walipokuja kuchunguza ukoo, kama desturi yetu ilivyo, mtu mmoja akanong'ona kuwa ule ni ukoma. Haukuwa ukoma. Lakini posa ilirudi ilikotoka, na yule mama akazeekea kwa baba yake akipalilia migomba ya kaka zake. Avelina alikuwa mtoto, akayaona kwa macho yake, akakua na somo moja kichwani: binti wa kuolewa hana ugonjwa wa ngozi, na kama anao, hautajwi.

Daktari wa meno, mwanamume wa makamo asiye na haraka, alimtazama Benitha mdomoni, akapima, akaeleza. Kisha akauliza, "Kabla hatujaweka waya, amewahi kupata mzio wa chuma? Hereni, saa, mkanda, kitu chochote kikimgusa akawashwa?"

Benitha alifungua kinywa kujibu. Avelina akamwahi.

"Hana. Huyu ni mzima kabisa, daktari. Kwetu hatuna mambo hayo."

Alisema hivyo huku akimtazama Renatha, si daktari. Benitha akamwangalia mama yake, akaona jicho analolijua tangu utoto, akafumba kinywa. Daktari akafunga waya za chuma, akawapa masharti: asitafune mifupa, mahindi ya kuchoma wala kitu chochote kigumu, na likitokea tatizo arudi. Wakarudi Omurushaka, Benitha akimeta meno kama mtoto wa mjini, na mama yake amejaa furaha hadi pomoni.

Furaha ile haikukaa. Haikupita muda Benitha akaanza kulalamika kwamba ulimi unawaka, kwamba mashavu kwa ndani yanamchoma kama amekula pilipili.

"Kitu kipya lazima kikere," mama yake akamwambia. "Hata kiatu kipya kinabana. Vumilia."

"Mama, isije ikawa ni kama zile hereni."

"Hereni ni za masikioni. Hapa tunazungumza meno. Usiniletee maneno hayo, na usiyaseme mbele za watu."

Benitha akavumilia. Jumapili moja baada ya ibada akavuka mpaka kwenda kumwamkia bibi Stephania, ambaye alikuwa hajamwona vizuri tangu arudi. Bibi alimpokea kwa vigelegele, akamgeuza huku na huku, akacheka zile waya. Kisha akamletea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa zetu za kutafuna.

Ambaye si wa huku naomba anisikilize hapa. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa kavu za kutafuna, na mwenye nyumba hutangulia kuitia yake mdomoni ili mgeni aone kuwa hakuna baya. Ndiyo heshima, na ndiyo kinga. Kumkatalia mtu akamwani yake ni kumwambia kwamba humwamini. Sasa Benitha alikatazwa vitu vigumu, lakini angeanzaje kumkatalia bibi aliyemlea? Akachukua punje moja, akaimumunya taratibu bila kuitafuna. Naye Stephania hakuchukua hata moja. Hakuwa na sababu nyingine, ndugu zangu: meno yalikuwa yameshamwisha. Alikuwa hatafuni kahawa tangu mwaka juzi, na kwa kuwa Benitha alikuwa kama mjukuu wake, hakuwaza hata kidogo kujitetea.

Asubuhi yake Benitha aliamka midomo imevimba, pembe za mdomo zimepasuka, na vipele vyekundu vimemzunguka hadi kidevuni. Ufizi ulikuwa umefura ukaanza kufunika chuma. Avelina alipomwona alishika kichwa.

"Jana ulikula wapi?"

"Hapa nyumbani. Na kwa bibi nilikula punje ya kahawa."

"Alianza yeye kutafuna?"

Benitha akasita. "Hakutafuna. Lakini mama, kinywa kilikuwa kinawaka hata kabla. Nilikwambia."

Avelina hakuyasikia hayo ya mwisho. Alishakwama kwenye yale ya kwanza. Hapo palikuwa na maswali mawili ya kuuliza, moja likielekea nyumbani kwake na lingine likielekea kwa jirani. La nyumbani lilikuwa na hereni, saa na lile jibu la Mwanza, na mwanamke yule hakutaka kulikaribia. Akachukua la jirani. Ni rahisi sana kumshuku aliye ng'ambo ya mpaka.

Siku hiyo hiyo dukani, wateja wawili walipouliza hali ya binti, Avelina alishusha sauti. "Mimi sitaji mtu jina," alisema. "Nauliza tu. Mtu akikukaribisha kahawa, yeye mwenyewe asiiguse, ninyi mnaelewaje?"

Mnajua jinsi maneno ya namna hiyo yanavyokwenda. Hakutaja jina, na kabla ya jioni kila mtu alikuwa nalo. Stendi ilijua, kisimani walijua, jumuiya ya Stephania ilijua. Aliyekuwa hajui ni Stephania peke yake.

Yeye alisikia tu kwamba mtoto anaumwa. Akakamua maziwa, akafunika chombo kwa jani la mgomba, akaja nayo. Avelina alimkuta mlangoni na hakumpisha.

"Shikamoo bibi," akasema, kwa sababu mazoea hayana aibu.

"Marahaba mwanangu. Benitha anaendeleaje? Nimemletea maziwa, najua kutafuna hawezi."

"Amelala."

"Basi nimwone hivyo hivyo alivyolala."

"Amelala, bibi. Na maziwa tunayo."

Stephania alimtazama muda, akitafuta usoni mwa jirani yake kitu ambacho hakukipata, kisha akageuka na chombo chake. Benitha alikuwa macho chumbani, akasikia yote, akalia kwa uchungu wa midomo na uchungu wa lile alilolisikia.

Avelina hakumpeleka hospitali. Kwa hesabu yake, aliyelishwa sumu na mtu hutibiwa na wanaojua mambo hayo. Akampeleka kwa mganga mmoja huko Rugu, ambaye alisikiliza habari ya kahawa, akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea, akampa Benitha dawa ya kumtapisha. Alitapika hadi nyongo. Yale machungu yote yalipita juu ya kinywa kilichokwisha kuwa kidonda kitupu, na zile waya zikiwa pale pale. Aliporudi alikuwa hawezi kumeza hata uji. Mashavu yakamwingia ndani, binti wa watu akawa anaandika kwenye simu badala ya kusema. Aliandika kitu kimoja mara nyingi: Mama, bibi hawezi kunifanyia hivi. Mama yake alikuwa akisoma, anafuta machozi, anarudisha simu bila neno.

Katikati ya hayo alifariki mzee Anastazi wa mtaa wa juu, mtu wa watu, na msiba ukawa mkubwa. Stephania, kama kawaida yake, alifika mapema na kisu chake cha kumenyea ndizi. Wanawake waliokuwa wamekaa wakimenya walisogea wakampa nafasi, nafasi kubwa kupita kiasi. Mmoja akamwambia apumzike, umri umekwenda. Mwingine akamwambia kuni zinatosha. Alipoona hapewi kazi, alirudi nyumbani akapika maharage yake mwenyewe, akayaleta kwenye sufuria, akayaweka mezani pamoja na ya wenzake.

Watu wakapakua. Sufuria ya kulia ikaisha, ya kushoto ikaisha, na ile ya Stephania ikabaki na mfuniko wake. Watoto waliosogea walivutwa mikono na mama zao. Stephania alisimama karibu nayo akitabasamu, kama mtu anayengoja gari lililochelewa, hadi watu walipoanza kunawa. Ndipo alipoelewa. Hakuuliza mtu. Aliifunga sufuria kwenye khanga, akajitwika, akaondoka nayo ikiwa imejaa.

Avelina alikuwa pale na aliona kila kitu. Moyo ulimchoma, tuseme kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alijiambia kwamba tahadhari si dhambi, akatazama pembeni.

Rweyemamu alikuwa Ngara kutafuta mzigo wakati wote huo, na kwenye simu mkewe alimwambia tu kwamba mtoto ana homa ya meno. Aliporudi na kumwona Benitha alivyo, hakuvua hata koti.

"Mganga gani? Kalishwa nini?" aliuliza, na alipojibiwa akamgeukia mkewe. "Mama Benitha, yule mama amemlisha mtoto huyu tangu hana jino hata moja. Alikuwa anangoja aote meno, kisha ayanyooshe, ndipo amlishe sumu? Mvalishe viatu twende hospitali."

Hospitalini walimkuta daktari wa kinywa na meno, mwanamke kijana aliyevaa miwani. Aliinua midomo ya Benitha kwa upole, akatazama ufizi, akatazama vipele vya kidevuni, akavuta kiti karibu.

"Umewahi kupata mzio wa chuma?" akauliza. "Hereni, saa, vifungo?"

Lilikuwa swali lile lile, na chumbani humo hapakuwa na Renatha. Hata hivyo Avelina alikohoa kama anayetaka kusema. Safari hii Benitha hakumngoja. Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalitoka.

"Ninao. Tangu mdogo. Hereni zinanitoa majimaji. Saa pia. Mama anajua."

Daktari aliacha kuandika, akamgeukia Avelina. Hakumfokea. Alieleza tu, kama anavyoelezwa mtu mzima. Waya nyingi za meno zimechanganywa na madini yaitwayo nikeli, madini yale yale yaliyomo kwenye hereni za bei rahisi na vifungo. Wengi hawadhuriki. Mwenye mzio, mate yakikilowesha kile chuma usiku na mchana, kinywa kinaweza kuwaka, midomo ikavimba na ufizi ukafura, na huenda yasionekane siku ya kwanza; hujitokeza polepole. Ni lazima apimwe na daktari wa ngozi ili kuthibitisha, lakini yeye hakuona sababu ya kungoja na chuma mdomoni. Atazungumza na mwenzake wa Mwanza kwa simu, kisha azitoe waya hizo.

"Na kahawa?" Avelina aliuliza. "Punje moja ya kahawa, ambayo aliyempa hakuila?"

"Mama, kahawa haina kosa hapa."

Rweyemamu alimtazama mkewe.

"Ulijua habari za hizo hereni?"

"Nilijua masikio," akasema Avelina. "Sikujua kama mdomo nao ni ngozi."

Waya zilitolewa. Kwa dawa na chakula laini uvimbe ulianza kunywea, na Benitha alipopata nguvu wakampeleka Mwanza. Daktari wa ngozi alimbandika viraka vidogo mgongoni, kila kimoja na kitu chake, na vilipobanduliwa, cha nikeli kilikuwa kimeacha wekundu wenye malengelenge. Yule daktari wa meno wa kwanza aliyasikiliza yote, akavua miwani akaifuta. Alisema kwamba aliuliza, na kwamba angejibiwa kweli, angempa tangu mwanzo waya zisizo na nikeli na vile vishikizo vyeupe vya kauri. Vipo. Havingemgharimu Benitha hata siku moja ya maumivu.

Walilala tena kwa Renatha. Avelina hakuweza kubeba mzigo ule usiku wa pili. Wakiwa jikoni wanachambua mchele alimweleza shangazi kila kitu: masikio, saa, mama mdogo wa Muleba, na uongo alioutoa mbele yake kliniki.

Renatha aliacha sinia. "Ndiyo hilo tu? Mbona hata mimi chuma kinaniwasha, saa naivaa juu ya mkono wa sweta? Winston anajua, alikuwa ananicheka." Kisha uso ukambadilika. "Lakini mama Benitha, nikueleze, maana tunakuwa ndugu. Tulipokuja kuchunguza kwenu hatukuuliza ngozi. Tuliuliza kama ni nyumba yenye amani na majirani. Tukaambiwa mnaye jirani mmoja mnayeishi naye kama mama. Ndiyo iliyotupendeza. Huyo bibi sasa yuko wapi?"

Avelina aliporudi Omurushaka alipita kwenye upenyo wa miramura kabla hajafungua hata mlango wake. Nyumba ya Stephania ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Ng'ombe ameuzwa. Mwanawe Ambrose, anayelima kahawa na maharage Kaisho, alikuwa amekuja na pikapu kumchukua mama yake, na kwa mujibu wa majirani, bibi hakuaga mtu.

Avelina alifanya alichoweza, na hili lazima tumhesabie. Alizunguka kwa kila mwanamke aliyemwambia, akasema: nilikosea, haikuwa sumu, ilikuwa chuma, na kosa ni langu. Alisimama kanisani akasema. Aliomba nafasi hata kwenye jumuiya ya Wakatoliki akasema. Watu walimsikiliza, wakampa pole, wakamsifu kwa ujasiri. Lakini alipokuwa akitoka, alisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba pamoja na yote, lisemwalo lipo. Hapo akajua kwamba neno alilolitoa yeye lilikuwa halimtii tena.

Benitha alipopona kabisa, na vishikizo vyake vipya vyeupe mdomoni, mama na binti wakapanda gari la Kaisho. Walimkuta Stephania amekaa nyuma ya nyumba ya mwanawe akipukuchua maharage. Alikuwa amekonda. Alipomwona Benitha alisahau mengine yote, akanyoosha mikono.

"Njoo, mwana wange. Fungua nione." Benitha akafungua. Bibi akamshika kidevu, akatazama midomo iliyokuwa laini tena, akamshukuru Mungu kwa Kinyambo, na machozi yakamshuka.

Avelina alikuwa amepiga magoti penye maganda. Alisema kila kitu, hakujificha nyuma ya mganga wala nyuma ya desturi. Alipomaliza akaomba msamaha, kisha akamwomba bibi arudi nyumbani. Kibanja kinamngoja, Rweyemamu ameshakipalilia, harusi ya Benitha inakaribia na hakuna mwingine wanayemtaka jikoni.

Stephania alipukuchua ganda lililokuwa mkononi, akatia maharage kwenye ungo.

"Simama, Avelina, utachafua gauni. Nimekusamehe. Nilikusamehe hata kabla hujafika, maana najua uchungu wa mtoto." Akachukua ganda jingine. "Lakini Omurushaka sirudi. Mimi nimebakiza jambo moja tu la kufanya duniani, nalo ni kufa. Sitaki siku hiyo watu waje kwangu, wakae, waimbe, halafu chakula kibaki kwa sababu kimepikiwa nyumbani kwa Stephania. Hapa Kaisho wananijua kama mama wa Ambrose. Wanakula."

Benitha aliolewa na Winston kabla ya mvua, na meno yake kwenye picha yanaonekana yote. Jikoni walisimamia wanawake wa kukodi kutoka Kayanga. Chakula kilikuwa kizuri, watu walikula, na Avelina alikaa meza ya mbele na sahani ambayo hakuigusa.

MAFUNZO

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Avelina hakikuja kifo. Aliyeumbuliwa ni mwingine, asiyeficha chochote. Hilo ndilo la kwanza tujifunze: ugonjwa unaouficha nyumbani kwako unaweza kwenda kumlipisha jirani.

La pili ni la hospitalini. Daktari anapouliza kama hereni, saa au kifungo vinakuwasha, haulizi umbea, wala hataki kuvunja uchumba wa mtu. Anataka kujua atakuwekea chuma gani. Mjibu kweli. Kama mkwe yuko chumbani, mwombe atoke. Na ikiwa mgonjwa ni mwanao na ana kinywa chake, mwache ajibu mwenyewe. Akiwekewa waya kisha kinywa kikawaka, midomo ikavimba, arudi kwa aliyeziweka au aende hospitali iliyo karibu. Asizing'oe mwenyewe kwa koleo, na asipelekwe kutapishwa. Mzio si ukoma, si laana ya ukoo, na haumzuii mtu kuolewa wala kunyoosha meno.

La tatu ni zito kuliko hayo. Kabla hujauliza jirani alikupa nini, jiulize wewe ulinyamaza nini. Neno la sumu hulitoi siku moja ukalirudisha siku ya pili. Avelina alipata kila alichokipigania: binti mzima, mkwe mwema, picha nzuri. Alichokipoteza ni kile ambacho hakuwahi kudhani kinaweza kupotea, mtu wa kukaa naye mkekani jioni. Nyumba ya bibi Stephania bado ina kufuli.